Faili ya .env Iliyosimbwa Bado Ina Mwenye Ufunguo

Ukisimba faili ya .env, yaani faili ya usanidi wa programu, yenye siri ishirini kama nenosiri na funguo, hujaondoa siri hata moja. Umeongeza ya ishirini na moja, nayo ndiyo inayozifungua nyingine zote. Hapa hatusemi kwamba usimbaji ni kazi bure. Mradi wowote wenye watu zaidi ya mmoja unauhitaji. Ila mjadala unahamia kwingine. Timu nyingi hubishania zana na algoriti, ilhali wavamizi hawapotezi muda kuvunja algoriti ya AES. Wanatafuta ufunguo, au nakala ya wazi iliyosahaulika kwenye diski, au logi ambamo programu yenyewe imemwaga vigeu vyake vya mazingira, yaani thamani inazopewa na mfumo wa uendeshaji inapoanza.

Tukumbuke faili hii ilitoka wapi. Mwongozo wa Twelve-Factor, uliotoka kwa watu wa kampuni ya wingu ya Heroku mwaka 2011, ulishauri usanidi ukae kwenye vigeu vya mazingira, nje ya msimbo. Faili ya .env ikaja kama njia ya mkato kwenye mashine ya mtengeneza programu: maktaba inasoma mistari ya JINA=thamani na kuipakia kana kwamba mfumo wa uendeshaji ndio ulioiweka. Haikukusudiwa kuwa ghala la siri za seva ya uzalishaji. Ikawa hivyo, kwa sababu ni rahisi mno.

Na kwa kuwa .gitignore, orodha ya faili ambazo Git isizichukue, inaizuia isiingie kwenye repo (hazina ya msimbo wa mradi), ikaanza kusafiri kwa njia za panya. Mtu mpya akijiunga, anatumiwa kwa WhatsApp au barua pepe. Nakala inabaki kwenye simu mbili, kwenye chelezo zao, na kwenye folda ya vipakuliwa ambayo hakuna anayeifuta. Mwezi unaofuata mwenzao anaongeza kigeu kimoja, anasahau kuwaambia wengine, na programu inaanguka kwenye seva ya majaribio bila mtu kuelewa kwa nini. Hapa ndipo usimbaji unapolipa kwanza, na kwa maoni yangu unalipa hapa kuliko kwenye usiri wenyewe: faili inaingia Git, inapata historia, inapitiwa kama msimbo mwingine, na kila tawi lina usanidi unaolingana nalo.

Kwa upande wa wavamizi, hakuna ujanja wowote mkubwa. Januari 2024 FBI na CISA (wakala wa usalama wa mtandao), zote za Marekani, zilitoa tahadhari kuhusu programu hasidi ya Androxgh0st, ambayo huzunguka mtandaoni ikiomba faili za .env, hasa kwenye tovuti zilizojengwa kwa Laravel, mfumo wa lugha ya PHP. Agosti mwaka huohuo, watafiti wa Unit 42 wa Palo Alto Networks walieleza kampeni ya kudai fidia kwa vitisho iliyolenga domeni 110,000 na kukusanya vigeu zaidi ya 90,000 kutoka kwenye faili za .env zilizoachwa wazi. Ombi lenyewe ni `GET /.env`, basi. Linafanikiwa pale seva ya wavuti ilipoelekezwa kwenye folda ya mradi mzima badala ya `public/`. Angalia vizuri: aliyesimba faili kwenye repo kisha akaisimbua kwenye folda hiyohiyo ya seva hajajikinga na ombi hili hata kidogo. Kilicho wazi bado kiko wazi.

Zana zenyewe zimegawanyika katika makundi mawili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye matangazo. Kundi la kwanza husimba faili nzima. Laravel, tangu mwishoni mwa 2022, ina `php artisan env:encrypt`, inayotoa `.env.encrypted` kwa AES-256-CBC na kukuonyesha ufunguo. Rails, mfumo kama huo wa lugha ya Ruby, tangu toleo la 5.2, ina `credentials.yml.enc` inayofunguliwa na `config/master.key`, herufi 32 za heksadesimali, kwa AES-128-GCM. git-crypt nayo husimba faili nzima wakati wa kukomiti, yaani kuhifadhi mabadiliko kwenye Git. Usalama wake wa kihesabu unatosha. Tatizo ni kwamba, kwa kawaida yake, mpitiaji anaona rundo moja la herufi limegeuka rundo jingine. Hajui kama umebadilisha muda wa kusubiri majibu au umebadilisha anwani ya hifadhidata ya uzalishaji. Matawi mawili yakigongana, huna la kuunganisha. Unachagua moja na kuandika upya mabadiliko ya lingine.

Kundi la pili husimba thamani na kuacha majina wazi. SOPS, iliyoanzia Mozilla na kuhamia chini ya CNCF (taasisi ya programu huria za wingu) mwaka 2023, ndiyo inayofahamika zaidi. Dotenvx nayo hufuata njia hiyo. Mstari mmoja wa SOPS unaonekana hivi:

```
DB_PASSWORD=ENC[AES256_GCM,data:9f3K...,iv:Zt0x...,tag:pL7w...,type:str]
```

`data` ni thamani iliyosimbwa, `iv` ni namba nasibu ya kuanzia, na `tag` ndiyo inayogundua kama mtu amegusa hata biti moja. Jina la kigeu limefungamanishwa na hesabu hiyo, hivyo huwezi kukata thamani ya kigeu kimoja na kuibandika kwenye mstari wa kigeu kingine, usimbuaji utakataa. Chini kabisa ya faili kuna `sops_mac`, inayolinda faili nzima isifutwe mstari kimyakimya. Kinachobaki wazi ni majina na urefu wa kila thamani, maana GCM, mtindo wa AES unaotumika hapa, haiongezi wala haipunguzi urefu. Kwa nenosiri la nasibu lenye herufi 40 hilo si neno. Kwa PIN ya tarakimu nne, tayari umeshasema ni tarakimu nne.

Ningechagua kundi la pili kwa karibu kila mradi. Hatua zake si nyingi, lakini ya kwanza huwa inarukwa: kabla ya kusimba chochote, tazama kama faili ya wazi iliwahi kuingia kwenye historia.

```
git log --all --full-history -- .env
```

Ikitoa komiti hata moja, kila siri iliyokuwemo ihesabiwe imevuja, hata kama repo ni ya faragha. Uvamizi wa Uber wa mwaka 2016, uliogusa taarifa za watu milioni 57, ulipitia repo ya faragha ya GitHub iliyokuwa na funguo za AWS, wingu la Amazon, ndani yake. `git rm --cached .env` huondoa faili kwenye komiti zijazo tu. Kuandika upya historia kwa `git filter-repo` kunasaidia kusafisha, lakini nakala za wenzako na matawi yaliyochukuliwa na wengine hayajui kwamba umesafisha. Badilisha siri kwanza, usafi baadaye.

Baada ya hapo kila mtu atengeneze jozi yake ya funguo, wa umma na wa siri, kwa zana ndogo ya usimbaji iitwayo age:

```
mkdir -p ~/.config/sops/age
age-keygen -o ~/.config/sops/age/keys.txt
chmod 600 ~/.config/sops/age/keys.txt
```

Njia hiyo ni ya Linux. Kwingineko elekeza SOPS kwa kigeu cha `SOPS_AGE_KEY_FILE`. Ufunguo wa umma huanza na `age1` na unaweza kutumwa popote. Ule unaoanza na `AGE-SECRET-KEY-1` hautoki kwenye mashine. Kisha weka `.sops.yaml` kwenye mzizi wa repo:

```
creation_rules:
  - path_regex: prod\.env$
    age: age1seva...,age1msimamizi...,age1akiba...
  - path_regex: dev\.env$
    age: age1amina...,age1juma...,age1seva_majaribio...
```

Zingatia kwamba orodha ya uzalishaji ni fupi. Mtu anayeandika kurasa za mbele hana sababu ya kusoma nenosiri la hifadhidata ya uzalishaji, na kumwondolea uwezo huo si kumshuku. Ni kumwondolea mzigo siku laptopu yake ikiibiwa. Ufunguo wa akiba, yaani wa tatu, utengenezwe kwenye mashine isiyo na mtandao, uchapishwe au uwekwe kwenye kifaa kinachofungiwa mahali. Bila huo, msimamizi mmoja akipoteza diski na seva ikifutwa siku hiyohiyo, hakuna mahali pa kuomba msaada. Waliowahi kupoteza `master.key` ya Rails wanajua kwamba hakuna kitufe cha "nimesahau".

Halafu `sops encrypt -i prod.env`, komiti, na kuanzia hapo kuhariri ni kwa `sops edit prod.env` tu. Kuna kishawishi cha kusimbua kwenye faili nyingine, kubadilisha kwa kihariri cha kawaida na kusimba upya. Usifanye hivyo. SOPS ikihariri yenyewe, thamani zisizoguswa hubaki na maandishi yaleyale, hivyo tofauti kwenye Git ni mstari mmoja pamoja na mistari ya mwisho ya `sops_`. Ukisimba upya toka mwanzo, kila mstari unabadilika, na faida yote ya kusomeka inapotea. Zaidi ya hapo umeacha faili ya wazi kwenye diski.

Yapo mambo madogo yanayokula saa nzima za watu. SOPS hutambua muundo kwa mwisho wa jina. `prod.env` inaeleweka kuwa ni ya dotenv, yaani muundo wa JINA=thamani, `.env.production` haieleweki, na inasimbwa kama furushi moja ndani ya JSON, huku mwenyewe ukishangaa majina yako yamekwenda wapi. Ama badilisha jina, ama andika `--input-type dotenv --output-type dotenv` kila mara. Funguo za PEM (funguo za usimbaji zilizoandikwa kama maandishi) zenye mistari mingi hazikai vizuri kwenye dotenv. Zigeuze kuwa mstari mmoja kwa `base64 -w0` na programu izigeuze inapoanza. Alama za nukuu nazo ni mtego: maktaba nyingi za dotenv huziondoa, lakini `docker run --env-file` huziacha, hivyo nenosiri linalofanya kazi kwenye laptopu linakataliwa ndani ya kontena likiwa na `"` mbili za ziada. Na ukitumia `echo` kupitisha siri kwenda amri nyingine, umeongeza herufi ya mstari mpya mwishoni. Tumia `printf '%s'`.

Matawi mawili yakigusa faili moja, mistari ya `sops_mac` na `sops_lastmodified` itagongana kila mara, hata kama vigeu vyenyewe ni tofauti. Ukiunganisha kwa mkono, hesabu ya MAC, ule muhuri wa faili nzima, haitakubali na faili haitafunguka. Chukua toleo la tawi moja lote, lifungue kwa `sops edit`, ongeza kigeu cha tawi la pili, hifadhi. Dakika mbili. Kutafuta bendera ya kupuuza MAC ili kazi iende ni kuzima king'ora kwa sababu kinapiga kelele.

Ulinzi dhidi ya kusahau ni mstari mmoja kwenye ukaguzi wa kiotomatiki: `grep -q '^sops_mac=' prod.env || exit 1`. Weka pia gitleaks, zana inayotafuta siri ndani ya msimbo, kwenye mashine za watengeneza programu kabla ya komiti, si baada ya kusukuma, maana kilichosukumwa kimeshatoka.

Sasa turudi kwenye siri ya ishirini na moja. Ufunguo unaosimbua kwenye seva lazima ukae mahali, na sehemu nyingi hukaa kama siri ya mfumo wa CI, ule unaojenga na kupima msimbo kiotomatiki. Historia ya karibuni inatosha kutupa tahadhari. Kuanzia 31 Januari 2021 hadi 1 Aprili mwaka huo, skripti ya Codecov, huduma ya kupima ubora wa majaribio ya msimbo, iliyokuwa ikiendeshwa ndani ya CI za wateja wengi ilikuwa imebadilishwa ili itume nje vigeu vya mazingira. Siri hizo zilikuwa zimeshasimbuliwa, kwa sababu ndivyo zinavyotakiwa kuwa wakati kazi inaendelea. Kesi ya kampuni ya CI iitwayo CircleCI ya Januari 2023 inafundisha zaidi: data ya wateja ilikuwa imesimbwa kwenye diski, na mvamizi alichomoa funguo za usimbaji kutoka kwenye programu iliyokuwa ikiendelea kufanya kazi. Wateja wote waliambiwa wabadilishe siri zao. Kwa hiyo kama CI yako inajenga tu na kupima, isipewe ufunguo wa uzalishaji kabisa. Seva ndiyo isimbue yenyewe inapowasha programu, kwa `sops exec-env prod.env 'node server.js'`, ambayo hupitisha thamani kwenye kumbukumbu bila kuandika faili. Kama uko kwenye wingu, badilisha ufunguo wa age wa seva kwa KMS (huduma ya kutunza funguo) ya mtoa huduma. Hapo seva inatambuliwa kwa utambulisho wake na hakuna faili ya ufunguo ya kuiba.

Hata hivyo, siri iliyosimbuliwa kwenye kumbukumbu inapenda kutoka. Kwenye Linux, `/proc/<namba ya mchakato>/environ` inasomwa na mtumiaji huyohuyo na root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, na kila programu-mtoto hurithi vigeu vyote isipokuwa umeviondoa. `docker inspect` huonyesha vile vilivyopitishwa kwa kontena inapoanzishwa. Laravel ikiendesha `config:cache` huandika thamani zote, wazi, ndani ya `bootstrap/cache/config.php`, hivyo `.env.encrypted` yako ina pacha asiyesimbwa hatua chache tu kutoka ilipo. Agizo la `COPY . .` kwenye Dockerfile bila `.dockerignore` huingiza .env kwenye tabaka la imeji, na kuifuta kwenye tabaka linalofuata hakuiondoi; siri za wakati wa kujenga zipitishwe kwa `--mount=type=secret`. Na kigeu chochote kinachoanza na `VITE_` au `NEXT_PUBLIC_` kikitumiwa kwenye msimbo wa mbele kinachapwa ndani ya JavaScript anayoipakua kila mgeni. Kukisimba kwenye repo ni mchezo wa kuigiza.

Lakini eneo ambalo timu nyingi hujidanganya ni pale mtu anapoondoka. Wanalitoa jina lake kwenye `.sops.yaml`, wanaendesha `sops updatekeys prod.env`, wanafunga tiketi. Tuangalie kilichotokea hasa. SOPS ina ufunguo mmoja wa data kwa kila faili, uliosimbwa mara moja kwa kila mpokeaji. `updatekeys` huondoa nakala ya aliyeondoka, ila ufunguo wa data unabaki uleule. Kama aliutoa akauhifadhi, anaweza kusoma hata matoleo yajayo. `sops rotate -i prod.env` inatengeneza ufunguo mpya wa data, na hilo linafunga mlango wa mbele. Nyuma bado kuna komiti zote za zamani, zilizosimbwa kwa ajili yake, kwenye nakala ya repo aliyokuwa nayo kwenye diski yake. Git haisahau, na hiyo ndiyo kazi tuliyoiajiria. Kwa hiyo kubadilisha ufunguo bila kubadilisha thamani hakumzuii kusoma nenosiri la jana ambalo leo bado linafanya kazi. Nenosiri lenyewe ndilo linalopaswa kufa.

Git-crypt inasema wazi kwenye maelezo yake kwamba haina njia ya kumwondolea mtu ruhusa aliyokwisha kupewa. Wengi huichukua hiyo kama kasoro yake. Mimi naona ni ukweli unaozihusu zana zote hizi, na git-crypt ina adabu ya kuutamka.

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na ushauri wa kuweka faili zilizosimbwa kwenye repo ya umma, hata kama hesabu zake ni sahihi. Ukiweka hadharani, yeyote anaweza kuinakili leo na kungoja. Ufunguo ukivuja mwaka kesho, kila toleo la nyuma linafunguka kwa mkupuo. Hali inakuwa mbaya zaidi kama ufunguo ni neno la kukariri: anayejaribu kubahatisha hana seva ya kumzuia baada ya mara tano, anajaribu kwenye mashine yake usiku kucha. Kama unatumia zana inayotaka ufunguo wa maandishi, utoe kwa `openssl rand -base64 32`, usiubuni kichwani.

Wapo wanaosema basi tuache haya yote tutumie ghala maalumu la siri kama HashiCorp Vault au AWS Secrets Manager. Kwa taasisi yenye huduma kumi na watu wa kulinda ghala hilo, sawa kabisa: linatoa kumbukumbu za nani alisoma nini, na Vault inaweza kutoa nenosiri za hifadhidata zinazokufa zenyewe baada ya muda mfupi. Timu ya watu wanne inayosimika Vault bila mtu wa kuihudumia imejipatia mfumo mwingine wa kuanguka usiku. Kwao faili iliyosimbwa inatosha, mradi wafupishe orodha: kama CI inaingia kwenye wingu kwa OIDC, yaani kwa tokeni za muda mfupi zinazothibitisha utambulisho wake, funguo za kudumu za wingu hazina haja ya kuwemo kabisa.

Ufunguo ukivuja, mpangilio wa kubadilisha ndio unaookoa. Anza na zinazofungua vingine: funguo za wingu, tokeni za Git na za CI. Fuata zinazogusa fedha na ujumbe, yaani malipo, barua pepe, SMS. Kisha hifadhidata, ambapo unaunda mtumiaji mpya, unaihamisha programu, ndipo unamfuta wa zamani, ili huduma isikatike. Za mwisho, na za kuwa nazo makini kuliko zote, ni funguo ambazo programu yenyewe huzitumia kusimba data, kama `APP_KEY` ya Laravel. Ukiibadilisha ghafla, watumiaji wote wanatolewa nje, na safu za hifadhidata zilizosimbwa kwayo hazisomeki tena. Laravel 11 ilileta `APP_PREVIOUS_KEYS`, unakoweka ufunguo wa zamani ili usimbue tu huku mpya ukisimba. Kwenye matoleo ya nyuma itabidi uandike skripti ya kusimbua na kusimba upya kila safu, na uijaribu kwenye nakala ya hifadhidata kabla ya kugusa ile halisi.